Uzi wa mishale ya asili: ncha za pembe na mifupa kwa sisi tulio Dar

Fundi Ufito (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu niweke picha za mishale yangu kwenye uzi wa pinde, swali linalonifuata ni lile lile: zile ncha za pembe wanazochonga mafundi wa Marekani kwenye video, hapa Dar mtu anazipata wapi? Nimeamua nianzishe uzi mzima kwa sababu kuna watu wameshaanza kuulizia pembe za swala pala, na hilo linanitia hofu. Pembe ya mnyamapori ni nyara ya Serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haijali kama uliiokota njiani au ulipewa na mjomba wako wa Morogoro. Ukikutwa nayo bila kibali, una kesi.

Na hata ingeruhusiwa, isingekupa unachokitafuta. Pembe za kwenye zile video ni za ayala, mnyama mwenye pembe za matawi, na kusini mwa Sahara hatuna ayala wa asili. Afrika nzima yupo wa aina moja tu, kule Algeria na Tunisia. Pembe yake ni mfupa mtupu. Inapokua inafunikwa na ngozi yenye vinyweleo, ngozi inakauka na kubanduka, halafu msimu wa kupandana ukipita pembe inadondoka yenyewe na kuota nyingine. Ndiyo maana wenzetu wanaziokota porini bila kuua kitu. Pembe ya swala, nyati, ng'ombe au mbuzi ni kitu kingine kabisa: ni gamba la jamii ya kucha lililovaa juu ya kiini cha mfupa. Haidondoki kila mwaka, na ukiivua unakuta ina uwazi ndani isipokuwa kwenye ncha.

Sifa ya pembe ya ayala ni kwamba ina madini machache kuliko mfupa wa mguu, kwa hiyo inanyumbuka kidogo. Madume wanagonganisha pembe hizo wakipigania majike, zimeumbwa kupokea kishindo. Mshale ukigonga jiwe, ncha inabutuka, haipasuki. Tena katikati yake kuna nyama laini ya mfupa yenye vitundu vitundu. Fundi anakata kipande cha mwisho cha tawi, anakiloweka, anachimba hapo katikati mpaka apate tundu, kisha anakivisha kwenye ufito. Wenyeji wa asili wa Marekani walitengeneza ncha za aina hiyo kwa karne nyingi. Na yule mtu wa barafu aliyepatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, podo lake lilikuwa na vipande vya pembe ya ayala pamoja na mishale 14, ambayo miwili tu ndiyo ilikuwa imekamilika.

Sasa turudi kwetu. Msimamo wangu ni huu: anayetaka mshale wa asili Dar es Salaam asihangaike na ayala, aende machinjioni. Ng'ombe anakupa pembe na anakupa mfupa, na kati ya hivyo viwili mfupa ndio wenye kazi.

Pembe naipitia haraka. Sehemu ya mwisho, kama sentimita 8 hivi, haina uwazi. Ikate, toboa upande wa shina kwa kekee, tundu liwe dogo kidogo kuliko ufito. Itumbukize kwenye maji ya moto mpaka ilainike, kisha sukuma ufito uliouchonga mwembamba mwishoni ukiwa umepakwa gundi. Ikipoa inaushika vizuri. Kwa macho inafanana sana na ncha ya ayala, na kwa kulenga shabaha inatosha. Ila inabutuka haraka, na ukiinoa sana inazidi kupungua.

Mfupa sasa. Chukua ule mrefu wa mguu wa chini, juu ya kwato, unaotoka kwenye makongoro. Ulioshachemshwa kwa supu usiuguse: moto mrefu unatoa ule ute unaoushikilia mfupa, ukiugonga unavunjika kama chaki. Chukua mbichi, kwangua nyama yote, loweka kwenye ndoo usiku kucha. Ukiutazama upande wa mbele utaona mfereji mwembamba unaoshuka katikati toka juu hadi chini, kwa sababu hapo palikuwa na mifupa miwili ikaungana ndama akiwa bado tumboni. Mfereji huo ndio njia yako. Kata kwanza vichwa vya juu na chini, kisha ufuate mfereji kwa msumeno wa chuma, taratibu, mpaka uone uboho. Geuza, fanya hivyo hivyo nyuma. Ingiza patasi, gonga kidogo, isogeze, gonga tena. Mfupa utaachana kwa mlio mkavu na utabaki na nusu mbili zilizonyooka. Kila nusu ipasue tena upate vijiti.

Kijiti unakisaga kwenye sementi ya kukwaruza au jiwe la kunolea, kwa maji. Maji ni lazima, vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu. Zungusha unaposaga, ukikaza upande mmoja ncha itakuwa na mgongo. Mimi napenda mviringo wa unene wa milimita 7 hivi, sehemu inayojitokeza sentimita 7, na mkia wa sentimita 4 wa kuingia ndani ya tete, maana ufito wangu ni wa tete. Malizia kwa msasa laini na kipande cha ngozi. Mfupa uliosuguliwa sawasawa unang'aa, na ukipitisha kidole hupati mkwaruzo hata mmoja.

Wanaodhani huku ni kuiga Wazungu: kwenye Pango la Kuumbi, Jambiani, Unguja, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua ncha za mfupa za miaka kama 13,000 iliyopita, na wanadhani zilitumika kwenye mishale. Kule pango la Sibudu, Afrika Kusini, kuna ncha ya mfupa yenye zaidi ya miaka 60,000. Mfupa ni wa kwetu kabla ya chuma na kabla ya shaba.

Fito na manyoya nitaeleza humu humu kadiri maswali yanavyokuja. Karibuni.

Mtoto wa Vingunguti

Mkuu umeandika kitu. Niongeze kwa upande wangu maana nipo karibu na hiyo biashara. Miguu mingi ikifika kwa wauza makongoro inababuliwa kwenye moto kutoa manyoya, na mfupa wa juu juu unapata nyufa ndogo ambazo hutaziona mpaka uanze kupasua. Kwa hiyo uende alfajiri, useme unataka mguu ambao haujababuliwa. Chagua wa ng'ombe mkubwa, ukuta wa mfupa unakuwa mnene. Wa ndama utakupa vijiti vyembamba tu.

Na usiondoke bila kano. Ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu watu wengi wanautupa.

Fundi Ufito

Mtoto wa Vingunguti, ubarikiwe, hilo la nyufa ni la kweli kabisa.

Kano tuitaje vizuri maana ndiyo kamba ya kazi hii. Ianike mpaka iwe ngumu na rangi ya kaharabu, iponde kwa jiwe juu ya ubao mpaka ianze kuachana yenyewe nyuzi nyuzi. Usitumie nyundo yenye kona, inakata. Uzi mmoja mmoja unaulowesha mdomoni, unaufunga ukiwa bado unateleza. Hauhitaji fundo: ukikauka unajibana na kujigandisha wenyewe.

Mama Kigamboni

Habari kaka Fundi. Nafuatilia kwa sababu mwanangu wa kidato cha pili amejiunga na kikundi cha historia shuleni na wanataka kuonyesha zana za kale. Matete huku kwetu yapo mengi. Je, tete linatosha kweli au lazima mti? Linaonekana jepesi mno.

Fundi Ufito

Mama Kigamboni, salama kabisa. Tete linatosha, na kwa ncha ya mfupa mimi nalipenda kuliko mti. Ni jepesi, limenyooka kwa asili, na lina tundu tayari. Chagua lililokomaa, gumu, unene wa kidole kidogo. Lianikwe kivulini, ukilianika juani linapasuka kwa urefu.

Muhimu ni vifundo vya tete. Upande wa mbele, kata mahali ambapo kifundo kitakuwa sentimita 4 ndani. Mkia wa ncha ukiingia unakaa juu ya kifundo hicho. Bila hivyo, mshale ukigonga kitu kigumu mkia unasukumwa nyuma na tete linafunguka. Hapo mdomoni pafunge kwa kano, mizunguko iliyobanana, kama sentimita 2. Upande wa nyuma kinyume chake: kata nyuma kidogo ya kifundo ili mkato wa kukalia upote uwe juu ya sehemu ngumu, na pafunge pia chini ya mkato.

Penye mpindo, pasha tete juu ya mkaa usio na moto wa kuwaka, ukilizungusha, mpaka liwe la moto lakini halijageuka rangi. Linyooshe kwa mkono na ulishikilie hivyo mpaka lipoe. Ukiachia mapema linarudi lilivyokuwa.

Kwa wanafunzi nashauri ncha isinolewe. Iwe butu ya pembe, au ibaki ya maonyesho tu.

Mzee wa Kisarawe

Vijana, hongereni. Sisi tulipokuwa wadogo tulitumia fito za mkole. Ulikuwa unakata kipindi cha kiangazi, unamenya ganda siku ile ile, unazifunga tita kwa kamba kila baada ya shubiri, unazipachika juu ya jiko la kuni. Moshi unazikausha taratibu na wadudu hawazigusi. Ukizifunga kwa tita zinanyooshana zenyewe. Za ndege hatukuweka chuma, tulichonga kichwa cha mti, kibutu.

Angalizo: msiingie kukata kwenye misitu ya hifadhi huku kwetu. Nunueni kwa wenye mashamba.

Fundi Ufito

Shikamoo mzee. Ahsante sana kwa hili la tita, nitalifanyia kazi. Mkole una uzito mzuri na unavumilia kuliko tete. Kasoro yake kwa ncha ya mfupa ni kwamba hauna tundu, itabidi upasue mdomo wa ufito au uchonge mfupa uwe na mkia bapa.

Keko Furniture Boy

Mkuu mimi kwa maoni yangu unajisumbua. Wahadzabe wenyewe kule Ziwa Eyasi wanafua misumari kuwa ncha. Msumari upo kila duka la vifaa vya ujenzi. Mfupa wa nini?

Fundi Ufito

Uko sahihi kwamba Wahadzabe wanafua misumari, tena wanaifua ikiwa baridi, kwa kuigonga tu. Fito wanazinyoosha kwa moto na kwa meno. Mtu anayeishi kwa upinde wake kila siku ana haki ya kuchukua kilicho bora, na chuma kinakaa na makali kuliko mfupa, sibishi.

Lakini mimi sitafuti kitoweo. Ninataka kujua kwa mikono yangu jinsi mtu wa Kuumbi alivyofanya kazi, na hilo msumari hauwezi kunifundisha. Ukikaa jioni nzima unasaga mfupa unaelewa kwa nini ncha iliyokatika walikuwa wanaichonga upya badala ya kuitupa. Unaelewa pia kwa nini baadhi ya wawindaji wa kale waliunda mshale vipande viwili: ufito mrefu, na mbele kijiti kifupi chenye ncha. Kijiti kikivunjika, ufito uliokutoa jasho unabaki salama. Kule Stellmoor, karibu na Hamburg, Ujerumani, iliwahi kupatikana mishale ya msonobari ya zaidi ya miaka 10,000 iliyoungwa hivyo. Wasan wa kusini mwa Afrika nao wameunda mishale yao kwa vipande, na ncha zao za zamani zilikuwa za mfupa. Watu wasiowahi kuonana wamefikia jibu moja. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuchafua mikono.

Keko Furniture Boy

Hapo nimekuelewa. Basi nisaidie kwenye gundi. Nilitumia ile ya mbao, nyeupe, na kano yote ikalegea ilipofika masika.

Fundi Ufito

Tatizo halikuwa gundi peke yake. Kano inavuta unyevu, na hewa ya Dar kuanzia Machi mpaka Mei ni maji matupu. Mtu wa Dodoma hapati shida hii. Ufumbuzi wangu ni kuifunika. Yeyusha nta ya nyuki pamoja na utomvu mgumu wa mti, nta moja kwa utomvu tatu, ongeza unga wa mkaa uliosagwa laini sana. Yeyusha kwa moto mdogo na chombo kikae ndani ya sufuria la maji, utomvu unashika moto upesi. Paka ikiwa ya moto juu ya kano iliyokauka kabisa, lainisha kwa kidole kilicholowa maji. Ikiwa ngumu mno na inapasuka, zidisha nta. Ikiwa inanata mkononi, zidisha mkaa.

Asiyetaka kuhangaika na kano, uzi wa mkonge uliosokotwa mwembamba na kupakwa mchanganyiko huo huo unavumilia pwani vizuri. Unakuwa mnene kidogo, na haujibani wenyewe, inabidi uukaze kweli kweli.

Binti Makumbusho

Naomba kuuliza kuhusu manyoya. Nimetumia ya kuku, mshale unayumba yumba tu hewani.

Fundi Ufito

Dada, ya kuku wa kisasa ni laini mno, yanalala. Tafuta ya bawa la bata mzinga, au ya kanga wa kufugwa. Kwa mazoezi hata ya kunguru yanafaa, na Dar manyoya ya kunguru yameanguka kila mahali. Yaoshe kwa sabuni kwanza.

Kanuni isiyovunjwa: manyoya yote ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, ama kulia yote ama kushoto yote. Unyoya una mpindo wake wa asili, na mpindo huo ndio unaozungusha mshale. Ukichanganya yanapingana. Pasua uti wa unyoya katikati, usugue ulale bapa, panga matatu kwa nafasi sawa, funga mbele na nyuma kwa kano.

Lakini kabla hujabadilisha manyoya, angalia ufito. Mshale unapoachwa hauendi kama mstari: unapinda, unauzunguka upinde, unarudi upande wa pili, ndipo unatulia. Ukiwa mgumu mno kwa upinde wako, au mlegevu mno, hata manyoya ya tai hayatauponya. Chukua fito zako zote, moja moja uziegemeze juu ya viti viwili, ning'iniza mzigo ule ule katikati, pima kila moja inashuka kiasi gani. Zinazoshuka sawa ziweke fungu moja. Halafu jaribu fungu gani linaelewana na upinde wako.

Ukimaliza, uweke mshale juu ya kidole. Uzito uwe mbele ya katikati. Ncha ya mfupa ni nyepesi kuliko chuma, kwa hiyo wengi wanakuta mshale umelala nyuma. Dawa yake ni kijiti cha mti mzito mbele, kati ya tete na ncha.

Mpambanaji wa Tabata

Mkuu na sumu vipi? Nasikia bila sumu ncha ya mfupa haina kazi.

Fundi Ufito

Sumu sitaandika, na naomba mtu mwingine asiandike. Ile ya mti wa msungu inashambulia moyo, mchubuko mdogo wa kidole unaweza kukumaliza kabla hujafika hospitali. Hapa tunatengeneza mishale ya shabaha na ya kujifunza. Kuwinda bila leseni ni kosa, tusidanganyane.

Diaspora Ohio

Mimi niko huku Marekani, pembe za ayala zinauzwa hata kwenye maduka ya wanyama, mbwa wanatafuna. Nikija likizo niwabebee?

Fundi Ufito

Ahsante ndugu, moyo wako ni mzuri. Usibebe kabla ya kuuliza huko na huku kuhusu vibali, maana kiungo cha mnyama mpakani ni jambo zito, na afisa wa uwanja wa ndege hatajua wala hatajali kuwa ni ya ayala. Ukipata vibali, leta kipande kimoja tu cha ncha ya tawi. Nitakiweka pembeni ya mfupa wa ng'ombe, fito za fungu moja, upinde ule ule, tuone kipi kinabutuka kwanza. Matokeo nitayaweka humu.

Mpambanaji wa Tabata

Sawa mkuu, nimekubali ya sumu. Nyumbani kwangu uwanja ni mdogo, naweza kujaribia ukutani?

Fundi Ufito

Ukutani hapana. Ncha itavunjika, na mshale unaweza kukurudia usoni. Chukua kiroba, ukijaze mifuko ya plastiki na matambara mpaka kikaze, kishonwe. Kiegemeze kwenye lundo la mchanga refu kuliko mtu, na nyuma ya lundo pasiwe na njia wala mlango wa mtu. Simama hatua kumi tu kwa kuanzia. Kila mshale ukiuchomoa, ukunje kidogo karibu na sikio kabla ya kuurudisha upoteni: ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje hapo hapo, usiupige tena. Tabata kama hakuna nafasi, subiri Jumapili utafute shamba la jamaa Chanika au Pugu, umwombe mwenyewe, na watoto wakae nyuma yako.